Mbuzi wa Kahindo na Avansi Tuliyokwisha Kula

Vijana wa fanfari, mmenisumbua niandike, basi naandika. Mlisema mnataka kujua jinsi ya kuishi na wateja, hasa wale wanaokuja kudai avansi yao, ile pesa ya kutanguliza, harusi ikishavunjika. Tarumbeta mtafundishwa na wengine. Mimi maishani sijapuliza kitu isipokuwa moto wa makaa, lakini katika fanfari yetu ya matarumbeta hapa Mabanga hakuna harusi iliyopigiwa ngoma bila kupita kwanza mbele ya meza yangu, wala hakuna iliyovunjika bila mtu kuja kunitolea macho. Mshahara wangu sitautaja. Mnaujua, na aibu si yangu peke yangu.

Niliingia kazini kupitia sindano. Papa Anselme, mwenye fanfari na mpiga tuba, tarumbeta kubwa kuliko zote, aliniletea makoti mekundu ya wanamuziki niyatie vifungo, kisha akataka kunilipa nusu ya bei. Tukabishana mlangoni kwangu mpaka majirani wakatoka na viti vyao wakae vizuri wasikilize. Mwishowe alilipa yote, akabaki amesimama akinitazama.

"Mama Masika," akasema, "ukuje ukae ku bureau yangu. Batu ya kunibishia beko wengi. Wa kunishinda njo weye wa kwanza."

Ndivyo nilivyoajiriwa kwa ajili ya ubishi, na ubishi huo ninastaafu nao ungali mzima.

Ofisi yenyewe mnaijua: chumba cha mbao juu ya mawe ya lava, na uani nyuma yake wanamuziki wanafanya mazoezi. Siku ya kwanza Papa Anselme alinionyesha vyombo vya kazi. Nilidhani atanionyesha tarumbeta. Akanionyesha kiti kimoja chenye mto, na benchi refu lisilo na mahali pa kuegemea mgongo. Kiti, akasema, ni cha mtu anayeleta komande, yaani kuagiza fanfari kwa harusi yake. Benchi ni la mtu anayetaka kurudishiwa.

"Mugongo ikianza kumuuma," akanieleza, "anakumbuka kama iko na kazi ku nyumba."

Mteja wangu wa kwanza alitoka Kibati na jogoo kwapani. Harusi ya mwanawe ilikuwa karibu, pesa hana, jogoo anaye. Nikampokea jogoo kama avansi, nikajiona mjanja sana. Jogoo yule aliwika wakati wote wa mazoezi, na kila mara aliingia kabla ya wenzake, hata Papa Anselme akasema ana tabia ya mpiga trombone wetu. Kufikia Jumapili tulikuwa tumemla. Jumatatu mzee wa Kibati akarudi: harusi imeahirishwa, anaomba jogoo wake. Nikakimbia sokoni nikanunua jogoo wa rangi ileile. Mzee akamgeuza, akamsikiliza, akakunja uso.

"Huyu haiko wangu. Wangu alikuwa anaimba muzuri."

"Papa," Papa Anselme akamjibu kutoka uani bila kuitoa tuba mdomoni vizuri, "amefanya mazoezi na fanfari wiki muzima. Sauti imechoka."

Mzee akaondoka na jogoo wake mpya, nami nikawa nimejifunza jambo kubwa kuliko yote katika kazi hii. Avansi haikai. Mteja anapoitoa anafikiri imelala mahali inamsubiri. Kumbe siku ileile imekwisha kuwa mafuta ya kulainisha tarumbeta, tairi la gari, dawa ya mtoto wa mpiga ngoma. Siku hizi inaingia kwenye simu bila kelele, na inaliwa bila kelele. Kwa hiyo anayekuja kudai hamrudishii kitu kilichopo. Mnakwenda kutafuta kitu ambacho hakipo, tena mkitabasamu.

Nimewaona wa kila aina. Kuna wanaosema harusi haijavunjika, imepumzika tu. Kuna mama aliyekuja kudai kwa sababu jirani yake ameleta vipaza sauti vikubwa, naye sasa anaona tarumbeta zetu ni za kizamani. Mama mwingine, wa barabara ya Lac Vert, alidai kwa sababu tulipiga vizuri mno kwenye harusi ya wifi yake, naye hakutaka watu waseme ameiga. Yule nilimrudishia nusu na pongezi nzima. Ushauri wangu ni huu: mtu akikaa kwenye kile kiti chenye mto, kabla hamjataja bei, muulizeni ni nani anayelipa, na ni nani bado hajui. Harusi nyingi huvunjikia kwa huyo asiyejua.

Sasa niwaambie habari ya Kahindo, maana ndiyo mliyokuwa mnaizunguka tangu mwanzo mkiona haya kuuliza.

Alikuja asubuhi moja na mfuko mkubwa begani. Alikuwa anauza viatu vya watoto sokoni. Hakungoja kuonyeshwa benchi, alikaa mwenyewe.

"Jambo mama. Nimekuja juu ya ile komande ya fanfari. Ile mariaje haiko tena."

"Nani ameivunja?"

"Ni miye."

"Na bwana-arusi anajua?"

"Njo alikuwa wa kwanza kujua."

Nikampenda hapohapo, jambo ambalo mfanyakazi wa mezani hapaswi kulifanya kabla ya saa ya chakula. Nikamuuliza kisa. Mchumba wake, Mbusa, alikuwa anahangaikia mizigo ya watu kwenye forodha ya Bunagana, kijana mzuri tu, mwenye adabu.

"Ananiambia eti tukishaoana nifunge meza yangu ya soko," Kahindo akasema. "Nikamuuliza: na weye utafunga nini? Akanyamaza. Basi nikajua."

Lakini kilichomleta hakikuwa hasira, kilikuwa mbuzi. Familia zetu hizi zenye asili ya Butembo huhesabu dote, yaani mahari, kwa mbuzi, na mbuzi mmoja ni wa mjomba wa binti. Binti akivunja uchumba, mbuzi wanarudi kwa kina mchumba, na mpaka yule wa mwisho apokelewe mbele ya wazee, binti bado ni mke wa watu kwa maneno. Baba yake Kahindo alikuwa amerudisha mbuzi wote. Alibaki yule wa mjomba. Na mjomba alikuwa amekwisha kumla, tena na mchuzi, na alipoulizwa alijibu kwamba mbuzi wa mjomba ni kama mvua, ikishanyesha hairudi juu.

"Baba hana tena kitu," Kahindo akasema. "Avansi yenye nililipa hapa ni bei ya mbuzi moja. Munirudishie, ninunue mbuzi, nitoke mu ile neno."

Hapo nikashindwa kutabasamu. Avansi ya Kahindo ilikuwa imekwisha kuwa ngozi mpya ya ngoma kubwa. Ngozi ya mbuzi. Kwa hiyo mbuzi wake alikuwepo pale uani kwa namna fulani, ila kwa upande wa nje tu. Nikamwambia ukweli. Akaitazama ngoma kwa muda, akauliza kama inalia vizuri. Nikasema inalia vizuri sana. Akasema basi atasubiri.

Akasubiri kweli. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa. Lile benchi lililowaangusha wanaume wenye makoti halikumshinda hata kidogo. Alitandaza viatu vyake vya watoto juu yake akafanya biashara. Wateja waliokuja kuleta komande waliondoka na viatu. Mpiga trombone alichukua jozi mbili kwa deni, na sasa fanfari ikawa inadaiwa mara mbili. Papa Anselme alipita akichungulia, akaniambia kwa sauti ya chini:

"Masika, huyu mutoto atatuhamisha."

Akaenda mwenyewe kwa baba yake Mbusa, Muzee Paluku, mfanyabiashara wa maharage kule Katoyi, kumwomba amsamehe binti mbuzi mmoja. Muzee Paluku hakuwa mtu mbaya. Alikubali palepale. Papa Anselme akarudi anatembea kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Kahindo akamsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Aksanti papa. Lakini mbuzi ya kusamehewa iko na kamba murefu. Leo banasamehe. Siku moja nitazaa, mutu atakuja kusema: ile mbuzi yetu njo imezaa huyu mutoto. Miye nataka bapokee kwa mikono, batu banaona."

Mimi nilikuwa nimeolewa zamani, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kuhusu mbuzi yeyote. Nilimtazama yule binti akipanga viatu vyake, nikasikia uchungu na wivu pamoja. Nikaapa kimoyomoyo kwamba fanfari hii itatapika kile ilichokula.

Kutapika kwenyewe kulikuwa kazi. Wateja walikuwa wachache majira yale, na wanamuziki nilipowaambia wachange, ghafla wote wakawa na mazishi ya kuhudhuria. Nilikuwa nafikiria kuuza cherehani yangu, ndipo siku moja mlango ukafunguka, akaingia Muzee Paluku mwenyewe na kofia yake, akakaa kwenye kiti chenye mto. Alikuja kuleta komande. Mbusa, ambaye hakuwa mtu wa kukaa na huzuni muda mrefu, alikuwa amepata binti mwingine kulekule Bunagana.

Kisha akageuka akamwona Kahindo kwenye benchi.

"Jambo papa," Kahindo akasema, akisimama kama inavyotakiwa.

"Jambo binti yangu," akajibu kwa mazoea, halafu akakohoa.

Ikabidi aseme kinachomsumbua. Wazee wa yule binti wa Bunagana walikuwa wamesikia habari. Wamemwambia hawapokei dote yake mpaka ile ya kwanza ifungwe. Hawataki binti yao aingie kwenye nyumba ambayo bado ina mke wa maneno. Hivyo mbuzi aliyeliwa na mjomba wa watu alikuwa amefunga harusi mbili kwa kamba moja.

"Nilishasema naisamehe," Muzee Paluku akalalamika.

"Na miye nilishasema sitaki, papa," Kahindo akajibu kwa upole.

Papa Anselme aliingia kutoka uani na tuba yake, akakaa kwenye benchi kando ya Kahindo. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akikaa pale, na nikaona mara moja kwamba mgongo unamuuma.

"Masika," akasema, "tuanze polepole. Nani anadai nani?"

Nikaeleza kama ninavyowaeleza nyinyi. Kahindo anaidai fanfari bei ya mbuzi. Muzee Paluku anaudai upande wa Kahindo mbuzi. Na fanfari, ikiwa inachukua komande hii mpya, itamdai Muzee Paluku avansi.

"Ya bei gani?" Kahindo akauliza haraka. Mfanyabiashara ni mfanyabiashara.

"Ileile yako. Bei yetu haijabadilika."

Kahindo akaanza kucheka peke yake. "Basi iko mbuzi moja tu yenye inatuzunguka sisi bote."

Muzee Paluku alipoelewa, alipiga goti lake kofi. Lakini akaongeza kwamba mbuzi wa maneno halii mee. Wazee wake hawatakubali hesabu ya mdomoni, wanataka kumwona mnyama amesimama kwa miguu yake. Hapohapo mbuzi akalia uani.

Alikuwa Soprano, mbuzi jike wa Papa Anselme, mwenye ndevu kuliko wanamuziki wetu wote. Papa Anselme alimpenda kuliko alivyompenda mpiga trombone, na kila alipompa majani alimpigia tuba kwanza, kama kengele ya kanisa. Tulimtazama mzee wetu wote kwa pamoja. Akaelewa tunachofikiri, akakumbatia tuba yake.

"Ni ya kuazima tu," nikamwambia. "Atatoka kwetu, atazunguka, atarudi kwetu."

"Akirudi na kilo pungufu, Masika, weye njo utalipa."

Wanamuziki nao walinung'unika, kwa sababu walikuwa na akili ya kutosha kuona kwamba wanakwenda kupiga harusi ya Mbusa bila avansi ya kula. Papa Anselme akawajibu kwamba waliila zamani, kwenye harusi isiyokuwepo, na sasa wanaifuata kwa miguu.

Jumamosi asubuhi tulikwenda Katoyi. Papa Anselme aliagiza kila mtu avae koti jekundu, maana deni, alisema, hurudishwa kwa heshima ileile lililopokelewa nayo. Uani kwa Muzee Paluku wazee walikuwa wameketi pande mbili, na upande wa Kahindo alikuwepo baba yake, kimya na suti yake ya Jumapili, na mjomba, ambaye peke yake ndiye aliyekuwa amenona.

Nilimkabidhi Kahindo kamba. "Avansi yako, binti yangu. Fanfari haina deni kwako."

Kahindo akaishika kwa mikono miwili, akampa baba yake. Baba akavuka ule uwanja mdogo wa mawe, akampa Muzee Paluku. Wazee wakamchunguza Soprano meno na kwato. Mjomba akasema anafanana sana na yule wake, ila yule wake alikuwa mnene zaidi, na hakuna aliyemjibu. Kisha Muzee Paluku akasimama akavua kofia.

"Tumepokea," akasema. "Dote yote imerudi. Hatudai kitu. Binti ni wa kwabo."

Nilikuwa namtazama Kahindo. Mabega yake, ambayo nilidhani ndivyo yalivyoumbwa, yalishuka.

Ilibaki hatua ya tatu, ndogo tu, Muzee Paluku atupe sisi mbuzi kama avansi ya harusi ya Mbusa. Lakini hakutoa. Alikuwa anamkuna Soprano shingoni.

"Mbuzi muzuri kama huyu," akasema, "nimeipenda. Avansi nitabaletea ya pesa."

Kusema kweli, kwa meza yangu ilikuwa habari njema. Pesa! Nusura nikubali. Lakini niligeuka nikamwona Papa Anselme, na sijawahi kumwona mtu mzima na koti la vifungo vya dhahabu akiwa na uso kama ule. Alinyanyua tuba akapiga sauti moja nene, ndefu, ile ya majani. Soprano akainua masikio, akageuka, akavuta. Muzee Paluku akaburutwa uani kwake mwenyewe mbele ya wazee wake, kofia ikaanguka, suruali ikaanza kushuka, na ikambidi achague kati ya kamba na suruali. Akaachia kamba. Soprano alikuja akasimama mbele ya tuba akingoja chakula. Wazee wa pande zote mbili, ambao tangu asubuhi walikuwa hawajatazamana, walicheka mpaka wakashikana mikono.

"Muchukue," Muzee Paluku akasema akifuta machozi. "Avansi yenu imejipeleka yenyewe."

Tulikuwa tunajipanga kuondoka, Kahindo akanijia.

"Mama, ule wimbo wa kuingia, wenye nilichagua, mulikuwa mumeshajifunza?"

"Tuliujifunza tangu siku ile."

"Basi muupige. Niko narudia kwetu."

Nilimtazama Papa Anselme. Hakukuwa na komande, hakukuwa na avansi, hakukuwa na chochote cha kuandikiana. Akafunga kamba ya Soprano kiunoni mwake, akainua mkono, na fanfari nzima ikaanza, na ile ngozi mpya ya ngoma kubwa ikalia kama ilivyolipiwa. Kahindo akatangulia mbele yetu kwa mguu, na ule mfuko wake wa viatu begani, polepole, kama bibi harusi anavyotembea. Baba yake alimfuata amenyoosha kichwa. Nililia, sioni haya kuwaambia. Nililia barabarani mchana kweupe nikiwa na kofia ya fanfari.

Tulipofika mtaa wa Majengo, watu walitoka milangoni. Mama mmoja aliyekuwa anakaanga mandazi akakimbilia ukingoni mwa barabara na kijiko mkononi, akamtazama Kahindo, akatazama mbele yake, nyuma yake, pembeni yake, akamwona baba, akamwona mbuzi.

"Ee binti! Bwana-arusi iko wapi?"

"Tumemurudisha!" Kahindo akamjibu bila kusimama.

Yule mama akafikiri kidogo, kijiko kikidondosha mafuta. Kisha akapiga vigelegele.